Ligi ya kriketi ya Marekani, kwa macho ya zamu wa Kampemba

Mimi ni zamu. Ndivyo tunavyomwita mlinzi wa usiku hapa Lubumbashi, na huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye geti la depo ya bosi wangu, patroni mmoja mzaliwa wa Gujarat, India, huku mtaa wa Kampemba. Nalisema mapema ili ujue ushauri huu unatoka kwa mtu anayekesha. Kama wewe saa tatu umeshajifunika blanketi, Major League Cricket ya Marekani haikufai, hata ukipewa bure.

Kilichonifanya niwe mteja wake ni saa. Mechi ikianza Texas saa moja na nusu jioni, kwetu ni saa nane na nusu usiku. Ikianza Oakland, kule California, saa kumi na mbili jioni, kwetu imeshagonga saa tisa. Kila zamu anaujua ubaya wa saa hizo. Mbwa wamenyamaza, mbabula, jiko letu la makaa, imebaki majivu, na baridi ya mwezi wa sita inapenya koti, sweta na fulana mpaka kwenye mifupa. Ligi ya India, ile IPL, mechi zake za jioni zinaanza saa kumi alasiri kwetu, nami bado nimelala nyumbani, Katuba. SA20 ya Afrika Kusini inakwenda na saa zetu zilezile, kwa hiyo inachezwa wakati malori bado yanashusha mifuko na mimi nahesabu. Hii ya Marekani ni kama fundi alinipima mabega kwanza ndipo akaishona. Patroni anajua kwamba natazama. Alishasema bora zamu anayetazama kriketi kuliko zamu anayekoroma.

Mchezo nilifundishwa na mpwa wake, kijana aliyekuja likizo mwaka 2023. Alipanga vifuniko vya chupa za bia ya Simba juu ya meza ya geti na kunieleza: kila upande unapata mipira 120, ikihesabiwa sita sita, na kila sita ni ova. Mpigaji akiuvusha mpira nje ya uzio bila kugusa chini, anapata alama sita kwa mkupuo. Mpira ukiangusha vile vijiti vitatu nyuma yake, au ukidakwa hewani, ametoka. Basi. Kwa wiki ya kwanza hayo yanatosha, mengine yanakuja yenyewe kama Kifaransa cha sokoni.

Msimu wa kwanza ulifunguliwa tarehe 13 mwezi wa saba mwaka huo, Grand Prairie, Texas, kwenye uwanja uliokuwa wa besiboli kabla ya kugeuzwa. Viti kama 7,200. Uwanja wa Kamalondo, wa timu yetu ya mpira ya Mazembe, unaumeza mara mbili na bado una nafasi, na usiku ule wa kwanza nilicheka peke yangu: Wamarekani, pamoja na pesa zao zote, wamekaa kwenye kiwanja kidogo hivi! Kicheko kiliisha siku ya fainali. Nicholas Pooran wa MI New York alipiga alama 137 kwa mipira 55, na kila mpira uliovuka uzio niliweka kifuniko kimoja upande. Vilifika 13. Seattle Orcas walikuwa wameacha deni la alama 184, na New York wakalimaliza zikiwa zimebaki ova nne.

Timu zenyewe ni sita: New York, Seattle, Texas, Washington, San Francisco na Los Angeles. Tatu kati yake ni watoto wa nyumba kubwa za ile ligi ya India. New York ni ya wenye Mumbai Indians, Texas Super Kings ni ya Chennai, Los Angeles Knight Riders ni ya Kolkata. Patroni anashangilia New York kwa sababu ya Mumbai. Mimi ni wa Washington Freedom, na sababu ni mtu mmoja, Saurabh Netravalkar, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye ana kazi yake ya kompyuta na kriketi anaibeba juu yake. Ndiye aliyerusha ova ya mwisho, ile ya nyongeza, Marekani ilipoishinda Pakistan kwenye Kombe la Dunia la 2024, palepale Grand Prairie. Mtu mwenye kazi mbili namwelewa. Mwaka huohuo Washington walibeba ubingwa kwa kuipiga San Francisco tofauti ya alama 96. Ningesema ilikuwa fainali nzuri, lakini ilikuwa fainali ya upande mmoja, na mpwa wa patroni alilala katikati.

Sasa nieleze kasoro, kuanzia ile ya kwangu binafsi. Natazama kwa simu, kwa mega za intaneti za usiku zinazonigharimu pesa ya mikate na chai ya siku mbili kwa wiki, kupitia programu ambayo sitaitaja. Picha yake inachelewa. Patroni juu ghorofani ana televisheni na jenereta, mimi chini nina simu yenye ufa kwenye kona, na kati ya macho yake na yangu kuna karibu nusu dakika. Dirisha lake hulifungua kidogo hata wakati wa baridi, kwa sababu ya moshi wa ubani. Kwa hiyo kelele zake zinautangulia mpira. Nasikia "Ayyy!" kutoka juu, natazama simu, mrushaji wangu ndiyo kwanza anajipangusa jasho kwenye paji la uso. Usiku ule Oakland, mwezi wa sita 2025, Finn Allen wa San Francisco alipowapiga watu wangu 151 kwa mipira 51, kulikuwa na mipira 19 iliyovuka uzio, rekodi ya dunia kwa mchezo huu mfupi. Mimi niliumia mara 38: mara moja kwa sikio, mara moja kwa jicho. Zamu wa geti la jirani alikuja kuota moto, akatazama kidogo, akaniuliza: "Yaya, ile mupira banafungaka saa ngapi?" Yaani kaka, goli linafungwa saa ngapi? Sikuwa na nguvu ya kumjibu.

Kasoro ya ligi yenyewe ni kubwa kuliko hiyo, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike. Wanasema inakua, na kweli hesabu ya mechi imekua: 19 mwaka 2023, 25 mwaka 2024, 34 mwaka 2025. Lakini timu zilibaki sita zilezile. Kila moja sasa inacheza mara kumi, kisha nne zinaendelea. Yaani unakesha usiku baada ya usiku, mechi 30 nzima, ili kuziondoa timu mbili tu. Ni kama kuwasha gunia zima la makala, yaani makaa, kuchemsha chai ya kikombe kimoja.

Na matokeo yake tuliyaona. Mwaka 2025 Washington walishinda mechi 8 kati ya 10. New York ya patroni ilishinda 3, ikapoteza 7, ikaingia ya nne ikiwa na pointi sawa na Seattle, kwa kupitia tundu la sindano la wastani wa alama. Halafu ikaamka. Ikaitoa San Francisco, ikaitoa Texas, ikakutana na sisi kwenye fainali. Watu wangu walihitaji alama 12 katika ova ya mwisho, na waliokuwa uwanjani ni Glenn Maxwell na Glenn Phillips, si watoto hao. New York wakampa mpira kijana Rushil Ugarkar. Nikaweka simu juu ya goti, nikaziba masikio kwa mikono miwili ili dirisha lisinipe habari. Kijana akaruhusu alama 6 tu na Maxwell akatoka. Tumeshindwa kwa 5. Ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, jogoo wa kwanza tayari, na patroni alishuka kwa ndala akaniletea chai mwenyewe, jambo ambalo kwa miaka tisa halijawahi kutokea. Nilikunywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Simnyimi haki yake Ugarkar, ova ile ni ya kuonyesha wajukuu. Lakini mweleze mtu wa Kamalondo kwamba timu imepoteza mara saba kati ya kumi na sasa ndiyo bingwa, halafu umtazame uso.

Ndiyo maana, tofauti na wanaoogopa kwamba ligi ikipanuka itapoteza utamu, mimi nataka ipanuke. Wakubwa wa ligi wamekuwa wakilisema hilo la kuongeza timu, basi walifanye. Zikiwa nane na zikaingia nne zilezile, nusu wanarudi nyumbani, na mechi ya wiki ya pili inakuwa na maana. Watakachoniudhi nacho ni kuongeza mechi bila kuongeza timu, au kuanza kupanga mbili kwa usiku mmoja. Mega zangu zina mwisho, na kuna saa lazima nizunguke uzio na tochi.

Msimu huu wa 2026 una mtihani mwingine. Kombe la Dunia la mpira wa miguu liko hukohuko Marekani, pamoja na Kanada na Meksiko, tarehe 11 mwezi wa sita hadi 19 mwezi wa saba. Mtaa wetu wote utakesha, na kwa mara ya kwanza sitakuwa peke yangu mwenye simu inayowaka saa tisa usiku. Nitakuwa peke yangu kwenye kriketi, hilo halina shaka. Ligi changa kusimama kando ya kitu kikubwa vile inahitaji moyo, ingawa wenyewe wanaweza kusema wanatazama mbali: mwaka 2028 kriketi inarudi Olimpiki, Los Angeles, baada ya kutoonekana tangu Paris 1900.

Ukiniuliza alama, ligi naipa 7 juu ya 10. Mbili nimekata kwa ule utaratibu wa nne kati ya sita, moja kwa ile programu. Kwa zamu, dereva wa lori anayesubiri foleni mpakani Kasumbalesa, au mama mwenye mtoto asiyelala, ongeza moja.

Mimi makala nimeshanunua, nusu gunia, na vifuniko vya Simba viko kwenye kopo chini ya meza. Limebaki la dirisha. Nimepanga kulizungumza na patroni Jumamosi, akishalipa mishahara.