Williamsburg na bibi wa watoto: mji ulitupokea, jumba la kando ya mto likatudharau

Mama yangu hakusafiri kutoka Bagamoyo mpaka Virginia ili aje anyamazishwe na mwongoza wageni mbele ya wajukuu zake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikaa kooni. Safari yenyewe ilikuwa na mazuri mengi na nitayasema, haki ni haki. Ila mkiona maneno yangu yana ukali hata pale ninaposifu, mjue yanatoka wapi.

Tulikwenda majira ya joto, mimi na mume wangu, watoto wetu wawili, na mama aliyekuwa amekuja kututembelea huku Maryland. Wazo lilikuwa la mume wangu. Watoto wanasoma historia ya Marekani shuleni, akasema tuwapeleke waione kwa macho. Mimi nilikwenda shingo upande. Mji wa wakoloni uliogeuzwa makumbusho, watu wamevaa kofia za pembe tatu, magari ya farasi, nikaona tutalipa hela nyingi kwenda kutazama Waingereza wakisifiwa. Na hela kweli ni nyingi. Kutembea mitaani ni bure, hata wewe usiye na tiketi unaweza kuipita ile barabara ya Duke of Gloucester mwanzo mpaka mwisho, lakini kuingia kwenye majengo na karakana ni tiketi, na familia ya watu watano inaumia. Jua nalo lilikuwa kali, la unyevunyevu, la kukukamua jasho kabla hata hujafika getini.

Mjue tu kwamba Williamsburg ulikuwa makao makuu ya koloni la Virginia kuanzia 1699 mpaka 1780. Serikali ilipohamia Richmond mji ukalala, nyumba zikachakaa. Mwaka 1926 kasisi wa pale, W. A. R. Goodwin, alimpata tajiri John D. Rockefeller Jr. kugharamia kazi ya kuurudisha kama ulivyokuwa. Nyumba zilizosalia zikakarabatiwa, zilizopotea zikajengwa upya juu ya misingi yake. Kasri la Gavana mnaloliona leo ni la kujengwa upya, lile la awali liliungua 1781. Mengine mtasoma wenyewe.

Mimi nataka niwaambie habari ya jikoni.

Nyuma ya nyumba ya Peyton Randolph, bwana mkubwa aliyeongoza kikao cha kwanza cha Kongresi ya makoloni mwaka 1774, kuna jiko la nje. Tulimkuta mwanamke mweusi amevaa gauni refu na kitambaa kichwani, anapika kwenye moto wa kuni. Alikuwa na chungu cha chuma chenye miguu mifupi, makaa chini, na juu ya mfuniko amepanga makaa mengine kwa koleo, moja moja, akiyasogeza pembeni ili katikati pasiungue. Mama alikuwa amekaa kivulini, amechoka, magoti yanamsumbua. Alipoona yale makaa aliinuka mwenyewe. "Anapalia!" akasema kwa sauti. "Mwambie na sisi mkate wa kumimina tunaupalia hivihivi."

Nikamwambia. Yule dada akaacha koleo, akaja mpaka alipo mama, akataka kujua mkate gani, unga gani, tui linaingia wakati gani. Nikawa mkalimani hapo katikati, jasho linanitoka, wageni wengine wamesimama wanasikiliza. Kisha akamweleza mama bila kuficha. Kwenye kiwanja hiki mwaka 1775 walikuwepo watumwa ishirini na saba. Waliopika humu walikuwa wao, na aliyekaa mezani kula ni mwingine. Akatusimulia habari za Eve, mmoja wao. Gavana Dunmore, mtu wa Mfalme wa Uingereza pale Virginia, alipotangaza mwezi Novemba mwaka huohuo kwamba mtumwa wa muasi atakayejiunga na jeshi la Mfalme atakuwa huru, Eve alitoroka akakimbilia kwa Waingereza. Baadaye akarudishwa, na bibi mwenye nyumba akamuuza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamshika yule dada mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea dua palepale. Dada wa watu alifunga macho mpaka mama alipomaliza.

Sikutarajia hata kidogo kukuta kitu kama hicho.

Watoto nao walipata yao. Wa kiume hatukumtoa kwa mhunzi, alitaka kuona kila msumari unavyofuliwa. Binti yangu yuko darasa la nne, tulimpeleka kwenye Shule ya Bray. Kwa miaka mingi jengo hilo lilikuwepo kwenye viwanja vya chuo cha William & Mary bila kutambuliwa, watafiti wakathibitisha ni lenyewe mwaka 2020, likahamishwa zimazima kwa lori mwaka 2023. Humo, kati ya 1760 na 1774, mwalimu Ann Wager aliwafundisha watoto weusi kusoma, wengi wao watumwa, wadogo wa miaka mitatu mpaka kumi. Lakini msidhani ilikuwa hisani tupu. Masomo yalikuwa ya dini, na ndani yake walifundishwa kukubali kumilikiwa. Mwongoza wageni wa pale alilisema hilo waziwazi mbele ya watoto, akawaambia wafikirie mtoto aliyejifunza kusoma angeweza kusoma nini kingine. Orodha za majina ya baadhi ya wanafunzi zimesalia. Binti yangu alisoma majina yale kwa sauti, polepole, mpaka watu wakaanza kumsubiri ili wapite.

Kero zilikuwepo. Karibu na mahakama wameweka ile mbao ya adhabu yenye tundu la shingo na matundu ya mikono, na watu wanapanga foleni wapigwe picha vichwa vimeingizwa, wanacheka. Mama alikataa kabisa, akawakataza na wajukuu. Migahawa bei zake si za binadamu wa kawaida. Mabenchi ya kivulini hayatoshi, mwenye mzee alijue hilo. Kwa hayo nilikuwa nimepanga kuwapa nyota nne.

Sasa lile jumba.

Kesho yake, kwa kuwa mama alikuwa amefurahi, tukasema turudi kwa ile barabara namba 5 inayofuata Mto James kuelekea Richmond, ambako yamesalia majumba ya mashamba ya tumbaku ya enzi hizo. Tukachagua moja. Jina silitaji, nimegombana nao vya kutosha kwa barua pepe. Jumba la matofali, nyasi zimekatwa vizuri mpaka mtoni, miti mikubwa. Uzuri wa macho upo, siwezi kukataa. Tiketi tukakata, tukaingia na kundi la watu kama kumi na tano, sisi peke yetu weusi.

Mwongoza wageni alikuwa bwana wa makamo, nadhifu, anaongea haraka. Chumba cha kwanza ni samani, cha pili ni samani, cha tatu, chumba cha kulia, ni sahani za kaure na nani alikuja kula. Karibu saa nzima na hatujasikia hata mara moja habari ya mtu aliyelima tumbaku iliyonunua hizo sahani. Hakuna pa kukaa, kila kiti kina kamba. Mama akaniuliza kwa Kiswahili, nami nikamfikishia yule bwana kwa Kiingereza kwa adabu zote: "Mama anauliza, jiko liko wapi na nani alikuwa anapika?"

Akajibu bila kututazama kwamba maswali ni mwishoni. Sawa. Tukanyamaza.

Mwishoni, pale ukumbini chini ya ngazi, nikauliza tena. Jiko liko wapi, waliopika walikuwa akina nani, na walilala wapi? Akatabasamu, akaniambia watu wanakuja hapa kupumzika na kufurahia jengo, tusiwaharibie siku yao. Wakati huohuo mama, magoti yamemshinda, akaweka kiganja juu ya mgongo wa kiti kilichokuwa nje ya kamba. Yule bwana akamfuata, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akauinua ule mkono na kuuondoa kwenye kiti, kisha akanigeukia MIMI: "Mwambie mama yako asiguse."

Mwanamke wa zaidi ya miaka sabini. Wajukuu wake wamesimama pale wanatazama.

Na bado sijafika kwenye lililoniumiza zaidi. Dada mmoja wa Kizungu aliyekuwa nyuma yetu, sijui jina lake na Mungu ambariki, aliona haya kwa niaba ya watu wote, akauliza swali lilelile, neno kwa neno. Waliopika walilala wapi? Akajibiwa! Kwa upole, kwa kirefu. Jiko la zamani lilibomolewa, lilikuwa nyuma pale penye ua wa maua, baadhi yao walilala darini juu ya jiko, na vibanda vya wafanyakazi wa shamba vilikuwa upande wa barabara. Kumbe anajua! Jibu alikuwa nalo muda wote. Ila sisi hatukustahili kupewa.

Mume wangu, ambaye huwa hapandishi sauti, alimwambia pale pale kwamba amemkosea mzee adabu na amwombe radhi. Akasema anafuata taratibu za nyumba. Tukatoka.

Kuna wenzangu wameniambia ninakuza mambo, kwamba zile ni mali za watu, na samani za miaka mia mbili na zaidi haziguswi. Nakubali hazigusiki. Ungesema tu, "Mama, samahani, hicho kiti ni cha maonyesho, ngoja nikutafutie pa kukaa." Mtu mzima anaambiwa hivyo. Na kwa habari ya swali, mama yangu si mgeni wa mambo haya. Amekulia Bagamoyo, ilikoishia misafara ya pembe na watumwa kutoka bara. Jengo la Caravan Serai, kituo cha misafara hiyo, lipo mpaka leo, na ukimpeleka mtu pale atauliza walilala wapi, na ataonyeshwa, hata kama ukweli unauma. Hakuuliza kwa ugomvi. Aliuliza kwa sababu anajua nyumba kubwa namna ile haipikiwi na mwenye nyumba.

Halafu fikirieni ni Virginia hii hii. Kutoka hapo si mbali na Point Comfort, Hampton ya leo, waliposhushwa mwaka 1619 Waafrika ishirini na kitu waliotekwa Angola. Usiniambie eti habari zao zinaharibu siku ya mgeni. Hata Williamsburg kwenyewe hawakuanza kusema ukweli jana na juzi. Kwa miongo mingi walionyesha mawigi na vyombo vya fedha tu, na habari za weusi walianza kuziingiza kwa mpango maalumu mwaka 1979. Mwaka 1994 waliigiza mnada wa watumwa hadharani, watu wakaandamana kupinga, wengine wakalia, na viongozi wa haki za weusi wakagawanyika kama ni sawa au si sawa. Lakini walithubutu. Mji ambao zaidi ya nusu ya watu wake karibu na 1775 walikuwa weusi, ungeusimuliaje bila wao? Kama wao wameweza, lile jumba linashindwa nini? Jibu lipo, aliyelishika anachagua wa kumpa.

Niliwaandikia. Wamenijibu mistari miwili, wakinishukuru kwa maoni yangu. Kuhusu mkono wa mama hakuna neno.

Basi hukumu yangu. Williamsburg nilisema nne, nimefuta, chukueni tano, kwa ajili ya yule dada wa jikoni na yule mwongoza wageni wa Shule ya Bray. Bei nimewasamehe, na mabenchi nimewasamehe. Mpelekeni mzazi asubuhi mapema, jua likipanda mrudi hotelini, mtoke tena alasiri. Anzeni na jiko la Randolph kabla ya Kasri la Gavana, msije mkafika kule kwenye mapanga ukutani mmeshachoka.

Lile jumba, nyota moja, na hiyo ni ya dada aliyeuliza. Nilikuwa nimeandika hapa msiende kabisa, msiwape hata senti yenu. Sasa nimeifuta hiyo pia. Nataka mwende, mjae mle ndani, mwende na mama zenu na bibi zenu, na kila mmoja akifika chumba cha kulia aulize waliopika walikuwa akina nani. Mume wangu amesema yeye harudi. Mimi mama akija tena nitampeleka, akikubali, na swali lake atauliza yeye mwenyewe kwa Kiswahili, nami nitalitafsiri mara tano ikibidi, mpaka yule bwana amjibu yeye.