Maziwa ya ngamia ya Eastleigh: mabichi, ya chai na susa

Ukitaka maziwa ya ngamia Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, sema geel. Ndilo neno la Wasomali kwa ngamia kwa ujumla. Jike anayekamwa ni hal, dume la mizigo ni awr, na maziwa yenyewe ni caano geel, hiyo c ikisomwa kama ain ya Kiarabu. Kiswahili kinatosheka na "ngamia" kwa dume na jike, kwa mmoja na kwa kundi.

Mengi hutoka upande wa Isiolo, yakisafirishwa kwa basi ndani ya mitungi ya plastiki. Kwa hiyo muulize muuzaji: "Mama, haya yamekamwa lini? Yamechemshwa?" Kisha nusa mdomo wa mtungi. Harufu ya moshi si kasoro: wafugaji hufukiza vyombo kwa kuni kama za mutamaiyo (mzeituni mwitu) ili maziwa yasiharibike upesi. Moshi mzuri ni mwepesi, unabaki mwishoni mwa ulimi. Lakini harufu ya plastiki iliyochacha ni ya mtungi uliooshwa vibaya, na haiondoki hata uchemshe mara tatu. Hayo yaache.

Ladha ina chumvi kidogo. Ni meupe na mepesi, na hayatandi malai nene kwa sababu chembe zake za mafuta ni ndogo mno, hazipandi juu haraka. Hapo wanunuzi wengi humshuku muuzaji kwamba ametia maji. Huenda anasingiziwa: ngamia aliyekosa maji siku nyingi huendelea kutoa maziwa, ila yenye maji zaidi na mafuta kidogo. Kipimo cha haki zaidi ni kuchemsha vijiko viwili: yakikatika mabonge, yameshaanza kuchacha.

Mabichi msinywe, hata muuzaji aape. Brusela, bakteria wa ugonjwa anayeweza kuwa ndani ya maziwa mabichi, haina harufu wala ladha. Chemsha huku ukikoroga hadi chini ya sufuria, maana hushika, na povu lake hupanda ghafla.

Kwa chai, nusu lita ya maji na nusu ya maziwa, vijiko viwili vya majani, iliki tatu. Tangawizi mbichi ichemke kwanza kwenye maji dakika tano. Ukiitia pamoja na maziwa, yatakatika. Onja kabla ya sukari. Chai inatoka laini, bila ule uzito wa maziwa ya ng'ombe, na kwa chai peke yake bei yake ya juu inastahili.

Susa, yaani maziwa yaliyogandishwa, ndiyo bora kuliko yote, ingawa ndiyo hulalamikiwa zaidi. Mtu aliyezoea mala nzito, yaani mgando wa maziwa ya ng'ombe, huona majimaji yenye vipande vinavyoelea, akadhani imeharibika. Ndivyo ilivyo: maziwa ya ngamia yana uchache wa ile protini inayoshikisha mgando. Ukitengeneza nyumbani, chemsha lita moja, iache hadi iwe vuguvugu, tia vijiko vitatu vya susa ya zamani, funika. Siku moja yatosha penye joto. Nairobi ya Julai hudai mbili. Ikitoa utelezi unaovutika kama kamba au madoa ya rangi, mwaga. Ikiwa kali na safi, itikise kabla ya kumimina, na anayeanza apewe kikombe kidogo tu, kwani tumbo lisiloizoea huendesha.