Walinifutia Longido kwenye wasifu wangu

Steshenari yenyewe iko karibu na Soko Kuu, hapa Arusha. Jina nawaachia. Nilienda kuandikiwa wasifu mfupi wa uigizaji, maneno yasiyozidi mia moja, elfu kumi na tano. Imepita miezi, lakini nikipita mtaa ule bado napandwa na hasira.

Wasifu wa mwigizaji ni mgumu jamani. Unajitaja kama mtu mwingine, unaanza na kazi ya karibuni, unasema ulicheza uhusika gani na nani aliongoza, ulisomea wapi, umemaliza. Mimi nilipita TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, kozi fupi. Baada ya hapo miaka sita nimezunguka na kikundi: Monduli, Karatu, Longido, tukicheza chini ya miti. Kuna siku Longido nacheza mama anayemwoza bintiye mdogo. Koko mmoja, yaani bibi kwa Kimasai, akanyanyuka katikati ya igizo, akamshika mkono yule binti, akamtoa kwenye duara, akaenda kukaa naye kwa wanawake wenzake. Tulisimama palepale hatujui tuendelee vipi. Hiyo ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote.

Kijana wa pale akasoma karatasi yangu, macho hajainua. "Sista, hizi za vijijini tunatoa. Hizo ni semina, siyo kuigiza." Nikamwambia ni kazi, mdogo wangu, nimeifanya miaka sita. Akamgeukia mwenzake wakacheka. Hapo ndipo nilipaswa kuchukua karatasi yangu niondoke. Lakini mwisho wa kutuma wasifu kwa ajili ya usaili ilikuwa jioni ileile, nikalipa, akatuma kwa simu yangu, sikusoma.

Siku ya usaili kule Njiro muongozaji anausoma kwa sauti mbele ya watu: "ameshiriki filamu za kimataifa." Mimi! Niliwahi kupita tu nyuma kwenye tangazo la utalii, nusu siku, Usa River. Akaniuliza, "Ya kimataifa ipi? Maana ninayoijua ya huku ni Hatari!, ya John Wayne, 1962, na hukuwa umezaliwa." Watu wakacheka. Mikono ilinitetemeka. Nimefanya kazi yangu kwa heshima miaka yote hii, halafu naonekana mwongo kwa sentensi ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

Ila nisiwe mchoyo. Sentensi ya kwanza ilikuwa ya yule kijana na ilikuwa nzuri: "ni mwigizaji wa jukwaani anayecheza kwa Kiswahili na Kimasai." Lugha mimi nilikuwa nimezitupa mwisho kabisa. Muongozaji alirudi hapohapo, "Kimasai unakijua kweli?" Nikamjibu kwa Kimasai, nikamsimulia koko wa Longido. Akaweka kalamu chini. Nafasi nilipata, ndogo, lakini nilipata.

Kwa hiyo niseme wanafaa? Hapana! Nafasi ile niliipata kwa kile walichokifuta. Kwa kuprinti sawa, wino wao haufifii, na kwa haraka sijaona kama wao. Kuandikiwa, usithubutu kama hujasoma kila neno.

Juzi nimerudi na maneno yangu mwenyewe, kijana achape tu. Safari hii nilisimama nyuma ya kiti chake. Akaandika "Londigo". Nikamwambia futa, andika tena.