Inasema, haisikii: miezi minane na rimoti ya tachi ya njia moja

Mwenye ukumbi mmoja hapa Tanga aliniletea rimoti ya tachi, mtumba wa Dubai, akataka niifunge iendeshe projekta, spika na mapazia ya ukumbi wake wa harusi na semina. Kioo kizuri, betri inakaa siku nzima, bei haikufika hata nusu ya zile za njia mbili, zinazotuma amri na kupokea majibu. Tatizo langu lilikuwa vitufe. Si kuvichora, kuviambia viwake lini.

Ndani ya rimoti hii kuna kirushio tu. Ukigusa kitufe, inarusha mawimbi ya 433.92 MHz hadi kwenye kipokezi nilichokifunga darini, kipokezi kinakiambia kidhibiti kikuu, na kidhibiti ndicho kinachofanya kazi. Basi, safari imeisha hapo. Kinachotokea baadaye hakirudi mkononi mwako, kwa sababu rimoti haina sikio.

Nililijua hilo, na bado nikakosea. Nimezoea za njia mbili, ambako kidhibiti ndicho kinachoamuru kitufe kiwe na rangi gani. Nikaweka kitufe kimoja cha projekta: ukigusa kinakuwa kijani, ukigusa tena kinarudi kijivu. Mezani kwangu kilipendeza kweli. Siku ya semina ya kwanza dada anayesimamia ukumbi akanipigia simu.

"Kaka, samahani. Hiki kioo kinasema projekta imewaka, mbona ukutani hakuna kitu?"

"Hebu gusa tena."

"Ehe, sasa imewaka. Ila kitufe ndiyo kimezima."

Umeme ulikuwa umekatika asubuhi. Projekta ikazimika, rimoti yenye betri yake ikabaki na kijani chake cha jana. Tangu hapo siku nzima kijani kikawa na maana ya kuzima. Na hata bila umeme kukatika ingetokea tu, kwa sababu ile rangi inawashwa na rimoti yenyewe, palepale unapogusa, mawimbi yafike yasifike. Ukisimama nyuma ya nguzo, au mtu akibonyeza rimoti ya gari wakati huohuo (baadhi ziko kwenye masafa hayahaya), amri inapotea na kitufe kinakuwa kijani vilevile.

Programu ya kupangia vitufe inakupa namna nne: kitufe kisiwake kabisa, kiwake wakati kidole kiko juu yake tu, kigeuke kila kikiguswa na kubaki hivyo, au viwe kundi, kimoja kikiwaka wenzake wanazima. Ile ya tatu nimeifuta kwenye kila ukurasa. Ya kundi nimeiacha kwa vitufe vya kuhama ukurasa peke yake, maana kurasa zinakaa ndani ya rimoti na hapo inajua inachosema. Vingine vyote nimevipa ya pili pamoja na mlio mfupi. Kitufe kinakwambia "nimeguswa", hakikwambii "imewaka".

Kisha nikakivunja kile kitufe cha projekta kuwa viwili, Washa na Zima. Projekta ile inakubali PJLink, lugha ya kuziamuru projekta, kupitia waya wa mtandao, na huko kuwasha ni POWR 1, kuzima ni POWR 0. Dada akigusa Washa mara tano kwa wasiwasi, hakuna kinachoharibika. Sauti nayo nimeigawa hivyohivyo, Nyamazisha mbali na Rudisha.

Kinachoniuma ni kwamba kidhibiti kinajua ukweli wote. Kinaiuliza projekta hali yake na kinajibiwa: 0 imezimwa, 1 imewaka, 2 inapoa, 3 inapata moto. Ila hakina njia ya kuupeleka kwenye kile kioo. Nikaishia kufunga taa ndogo ya LED juu ya mlango, kidhibiti kinaiwasha kwa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme: ikitulia, projekta imewaka, ikipepesa, subiri. Mwenye ukumbi aliniangalia kama nimemuuzia gari halafu namwomba aone spidi dirishani.

Kitufe cha kupandisha sauti kina mtego wake. Ukikishikilia, rimoti inarudia amri mfululizo, ukiachia inatuma amri ya kuacha. Ile ya mwisho ikipotea njiani, sauti inaendelea kupanda. Ilitutokea katikati ya harusi, bibi harusi anaingia, taarabu inapanda peke yake na mshereheshaji anatafuta wa kumlaumu. Sasa nimeweka sharti kwenye kidhibiti: kisiposikia marudio kwa nusu sekunde, kinaacha chenyewe. Na nimeweka kikomo cha juu, kitu ambacho nilipaswa kukiweka siku ya kwanza.

Je, ningeinunua tena? Kwa chumba ambacho mtumiaji anaiona projekta na kuzisikia spika, ndiyo, bila kusita. Kwa kuendesha kitu kilicho chumba kingine, hapana, hata kwa bei ya bure. Wiki iliyopita nilimkuta dada amekaa mlangoni. Akagusa Zima, akainua macho kwenye ile taa, akasubiri iache kupepesa, ndipo akakata swichi ya ukutani. Ila kile kitako cha kuchajia bado kinanisumbua, pini zake zinashika kutu kwa hewa hii ya bahari na kila mwezi nazisugua.