Deep Space Nine: tamthilia iliyowatendea haki wahusika wake wadogo

Nimemaliza kuitazama Star Trek: Deep Space Nine kuanzia msimu wa kwanza hadi wa saba, na kwa kuwa tathmini nyingi zimekwisha kueleza vita vyake, dini yake na kamanda wake Benjamin Sisko, mimi nitashughulika na jambo lililonifanya nisiiache hata pale hadithi ilipolegea, nalo ni jinsi waandishi walivyowajenga wahusika wasaidizi, yaani wale ambao majina ya waigizaji wao hayamo katika utangulizi wa kila sehemu. Tamthilia hii ilirushwa Marekani kati ya 1993 na 1999. Nilipoimaliza niliingia moja kwa moja katika ndugu yake, Star Trek: Voyager ya 1995 hadi 2001, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Hadithi inatokea kwenye kituo cha angani ambacho hakiendi popote. Mtu akikorofishana na mwenzake leo, kesho atamkuta kwenye baa ya Quark, na waandishi walijua kuutumia ujirani huo. Garak, mtu wa Cardassia, sayari ya watu waliokuwa maadui wa kituo, aliyefukuzwa kwao na anayeshona nguo hapo kituoni huku kila mtu akimshuku kuwa jasusi, anatokea mara moja tu katika msimu wote wa kwanza, akizungumza na daktari wa kituo, Bashir. Angeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angeuliza alikokwenda. Waandishi wakamrudisha msimu wa pili, wakampa siri, uraibu na maadui, na kufikia mwisho sikuweza kukifikiria kituo kile bila duka lake.

Hata hivyo mfano bora kwangu ni Nog, kijana wa Kiferengi, yaani wa jamii ya wafanyabiashara wa angani, aliyeigizwa na Aron Eisenberg. Katika sehemu ya kwanza kabisa anakamatwa akiiba. Baadaye baba yake, Rom, anamwondoa shuleni, na rafiki yake Jake anamfundisha kusoma kwa siri. Hapo alikuwa mhusika wa kuchekesha tu, mtoto mtundu wa mtaani. Kisha, katika msimu wa tatu, sehemu iitwayo “Heart of Stone”, anamwendea Sisko na kuomba apendekezwe kujiunga na chuo cha maafisa wa Shirikisho, muungano wa sayari ambao Sisko ni afisa wake. Sisko anadhani ni mzaha. Anamjaribu kwa kazi ya kuhesabu mali ghalani, na Nog anaifanya kwa uangalifu uliowashinda waliotangulia. Bado Sisko hamwamini, anamkaba kwa maswali mpaka kijana anapasuka: baba yake ni fundi hodari ambaye angeweza kusimamia mitambo ya chombo kizima, lakini kwa kuwa Mferengi hana budi kufanya biashara, aliingia kwenye biashara asiyoiweza, na sasa tumaini lake pekee ni kwamba huenda siku moja akairithi baa ya kaka yake Quark. Nog hataki kuishia hivyo.

Angalieni ufundi wa pale. Kwa maneno machache ya mtoto, wahusika wawili walikuwa wamejengwa kwa mpigo mmoja, kwa sababu Rom naye, ambaye hadi wakati huo alikuwa mtu wa kupigiwa kelele na kaka yake baani, ghafla akawa na maisha aliyoyakosa. Waandishi hawakuiacha kauli ile ipotee. Rom baadaye anaiacha baa na kuajiriwa kama fundi wa kituo, na Nog anakuwa Mferengi wa kwanza kuvaa sare ya Shirikisho. Msimu wa saba anapoteza mguu vitani, na sehemu ya “It's Only a Paper Moon” inahusu wiki zake za kupona, au tuseme za kukataa kupona, akijificha ndani ya programu ya taswira inayoigiza ukumbi wa muziki wa Las Vegas, akimsaidia mwimbaji Vic Fontaine kupanga hesabu za ukumbi. Sehemu nzima inabebwa na wahusika wawili ambao hakuna kati yao aliye katika orodha ya wahusika wakuu. Nog anapokiri hatimaye kwamba ameogopa, kwamba kama mguu unaweza kwenda basi lolote laweza kumfika, kilio kile kinatuingia kwa sababu tunamfahamu tangu alipokuwa mwizi mdogo.

Wa pili ni Damar. Anaanza msimu wa nne kama afisa wa Kicardassia anayesimama nyuma ya Dukat, kamanda wa Kicardassia na adui mkuu wa Sisko, bila kuwa na la maana la kusema, na anafanya tendo ambalo wengi wa watazamaji hawamsamehei, la kumpiga risasi Ziyal, binti ya Dukat. Baadaye anatawazwa kuwa kiongozi wa taifa lililo kibaraka cha Dominion, dola iliyokuwa vitani na Shirikisho, anazama kwenye pombe, na kuna wakati anajitazama kwenye kioo, kisha anaimwagia ile sura yake kinywaji kilichokuwa mkononi. Hakuna hotuba pale, lakini kuanzia hapo anageuka kuwa mwasi. Katika “Tacking Into the Wind”, iliyoandikwa na Ronald D. Moore, anapata habari kwamba mke na mwanawe wameuawa, na anauliza ni watu gani wanaotoa amri kama hizo. Kira, msaidizi wa Sisko, ambaye nchi yake ilikaliwa na Wacardassia kwa miongo kadhaa na kupoteza watu wengi kama hao, anamrudishia swali lile lile. Chumba kinanyamaza. Sijui tamthilia nyingine ya kisayansi ya wakati ule iliyomfikisha mtu wa pembeni mahali pazito kiasi hicho.

Kisha nikaingia Voyager, na huko ndiko nilikoona jinsi mhusika anavyodhoofishwa bila hata kuuawa. Chombo kimepotea miaka-nuru 70,000 kutoka nyumbani kikiwa na watu takribani 150, safari ya miaka 75. Kwa hali hiyo kila uso ulipaswa kuwa jirani tunayemjua kwa jina, lakini waandishi walikuwa na mazoea ya kurudisha kila kitu mahali pake kabla sehemu haijaisha. Harry Kim anaanza akiwa na cheo cha chini kabisa cha uafisa na anamaliza misimu 7 akiwa na cheo kile kile, ilhali rafiki yake Tom Paris anavuliwa cheo na kurudishiwa katikati ya safari hiyo hiyo. Nog aliingia chuoni Kim akiwa afisa tayari, na bado alimpita kwa cheo mwaka 1999. Katika “Deadlock” Kim wa awali anakufa na nafasi yake inachukuliwa na nakala yake kutoka chombo pacha, tukio ambalo lingemsumbua binadamu yeyote usingizini, lakini hadithi inaendelea kana kwamba amebadilisha shati.

Fundi Joe Carey ndiye aliyeniuma zaidi. Mwanzoni anavunjwa pua na B'Elanna Torres, kisha Torres huyo huyo anapewa usimamizi wa mitambo juu yake, naye anaukubali. Hapo palikuwa na uhusiano wa kulimwa kwa miaka. Badala yake, baada ya msimu wa kwanza anaonekana tu katika matukio ya kurudi nyuma kwenye wakati, mpaka anapotolewa kabatini msimu wa saba ili auawe, akiacha mfano wa chombo ndani ya chupa uliobakiza kipande kimoja. Kile kifo kilikuwa cha kukopa huzuni ambayo waandishi hawakuwa wameiwekea akiba.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa tayari amemkumbuka Uhura wa tamthilia ya kwanza, aliyekuwa akisema Kiswahili humo. Katika “The Changeling” ya 1967 mashine inamfutia kumbukumbu yote, anafundishwa upya kusoma, na anapokwama Kiswahili kinamtoka. Baada ya hapo? Hakuna. Wiki iliyofuata yuko kwenye kiti chake akipokea simu za chombo, kana kwamba maisha yake ya nyuma hayakupotea.

Simaanishi kwamba Deep Space Nine haina dosari. Keiko, mke wa O'Brien, fundi mkuu wa kituo, ni mtaalamu wa mimea aliyeanzisha shule kituoni na kuitetea dhidi ya viongozi wa dini, lakini shule ilipofungwa waandishi walimgeuza mke wa kusafiri na kurudi tu. Ziyal aliigizwa na waigizaji watatu tofauti, jambo linalotatiza mtazamaji anayezitazama sehemu kwa mfululizo. Dukat mwenyewe, adui aliyekuwa na akili na utata wa kuvutia, anaishia kuwa shetani mwenye macho mekundu, na mimi huko sikumfuata kwa hiari.

Kwa anayetaka kuanza, ajue kwamba picha ni za ubora wa zamani, kwani tamthilia hii haijasafishwa upya kama ilivyosafishwa The Next Generation, tamthilia ya Star Trek iliyoitangulia, na kwenye runinga kubwa ukungu unaonekana. Mimi nilizoea haraka. Msimu wa kwanza una sehemu kadhaa za kuruka bila hasara, ila usiiruke ile ambayo Jake anamfundisha Nog kusoma. Wa pili na wa tatu ni imara zaidi, na kutoka wa nne mambo yanashika kasi. Asiyependa hadithi inayodai kumbukumbu ya yaliyotokea misimu miwili nyuma ataifurahia zaidi Voyager, ambayo inaweza kuonjwa sehemu moja moja kwa mpangilio wowote.