Hoteli za kifahari za Karibi: uliza upande wa kisiwa kabla ya kuhesabu nyota

Anayetafuta hoteli ya ufukweni Karibi, iwe kwa fungate au kwa kusherehekea miaka ishirini ya ndoa, huanza na picha za mabwawa na idadi ya nyota. Picha hizo karibu zote ni moja: mnazi, kitanda cheupe, glasi yenye kipande cha nanasi. Mimi ningeanza na maswali mawili ambayo tovuti za hoteli hazipendi kuyajibu. Hoteli iko upande gani wa kisiwa? Na unakwenda mwezi gani?

Karibi haina kusi na kaskazi zinazopokezana kama kwetu. Upepo hutoka mashariki karibu mwaka mzima. Kwa hiyo pwani ya mashariki, joshini, hupigwa na mawimbi ya Atlantiki, na ya magharibi, demani, maji hutulia kama yamo kwenye beseni. Angalia Barbados. Bathsheba, upande wa mashariki, ni pa wanaoteleza juu ya mawimbi, na mgeni asiyeyajua maji yale hashauriwi kuingia. Ukivuka kisiwa, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, unafika Holetown ambako watoto wanaelea bila wasiwasi. Kisiwa ni kilekile na bei ya chumba huenda ikakaribiana, lakini likizo ni mbili tofauti kabisa.

Mashariki kuna tatizo la pili, mwani. Si huu unaolimwa Paje na Jambiani. Ni sargassum, wa rangi ya kahawia, unaoelea kwa mafungu makubwa kutoka Atlantiki, na tangu 2011 umekuwa ukivamia fukwe karibu kila mwaka, hasa kuanzia Machi hadi Agosti. Ukirundikana mchangani na kuoza, hunuka mayai viza. Hoteli kubwa hutandaza vizuizi baharini na kuleta trekta alfajiri, lakini siku mwani ukija kwa wingi trekta nalo huzidiwa. Waandikie uwaulize: wiki hii iliyopita ufukwe wenu ulikuwaje? Anayejibu kwa picha ya jana ana heri kuliko anayejibu kwa brosha.

Habari njema kwa aliyezoea pwani yetu ni kwamba Karibi maji hayapwi sana. Zanzibar bahari hupanda na kushuka mita tatu hadi nne, ukaamka ukakuta maji yamekwenda zake hadi kwenye mwamba. Kule tofauti ya kupwa na kujaa kwa kawaida haifiki hata nusu mita. Huhitaji kupanga kuogelea kwako kwa kuutazama mwezi.

Kuhusu miezi, msimu rasmi wa vimbunga huanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na hatari kubwa iko kati ya katikati ya Agosti na Oktoba. Bei nazo huporomoka kipindi hicho. Anayebanwa na likizo ya Septemba aelekee Aruba, Bonaire au Curaçao, visiwa vilivyo karibu na Venezuela na nje ya njia kuu ya vimbunga. Ufukwe wa Eagle Beach, Aruba, ni mpana na mweupe, ila upepo wake haulali, na kofia yako itaijua Venezuela kabla yako. Mwenye nafasi ya kuchagua aende mwisho wa Aprili au Mei, bei za msimu wa baridi za Desemba hadi katikati ya Aprili zikiwa zimeshashuka na vimbunga havijaanza.

Sasa pesa. Daraja hili msimu wa juu ni kawaida kuona zaidi ya dola 1,000 kwa usiku, na hiyo mara nyingi si bei ya mwisho. Tuseme kodi ni asilimia 10 na ada ya huduma asilimia 10. Dola 1,000 imekuwa 1,200 hata chai hujanywa. Kwa usiku nne ni 4,800. Omba jumla kwa maandishi, kodi na ada zote ndani, ndipo ulinganishe hoteli moja na nyingine.

Halafu kuna mtindo wa kulipa mara moja kila kitu kikiwa ndani: chumba, chakula, vinywaji, michezo ya majini. Kampuni ya Sandals, iliyoanzia Montego Bay mwaka 1981 na inayopokea wapenzi wawili wawili tu, bila watoto, ndiyo iliyoutangaza sana. Kwa anayekunywa ni raha tupu. Lakini piga hesabu yako: sehemu nzuri ya bei hiyo ni pombe. Kama wewe na mwenzio ni watu wa juisi na soda, mnamlipia ramu bwana wa meza ya pili. Hapo hoteli ya chumba na kifungua kinywa, kisha mkatafute samaki mjini, huwa nafuu na chakula huwa kitamu zaidi.

Jambo la mwisho kabla ya orodha ni jina la chumba. Chumba cha “kuona bahari” kinaweza kuwa ghorofa ya tatu nyuma ya maegesho, bahari ukiiona kwa kupinda shingo. Kinachoitazama bahari uso kwa uso ni kingine, na kile ambacho ukishuka kibarazani unakanyaga mchanga ni kingine tena. Waulize ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi majini.

1. Barbados, pwani ya magharibi. Naiweka kwanza bila kusitasita. Bahari imetulia, na fukwe zote za kisiwa ni za umma kisheria, kwa hiyo hujifungii ndani ya ukuta wa hoteli. Sandy Lane, iliyofunguliwa 1961, ndiyo yenye jina na bei ya jina hilo. Coral Reef Club na Cobblers Cove ni ndogo na tulivu zaidi, na mimi ningechagua mojawapo ya hizo. Mjanja anaweza kupanga nyumba ya kawaida jirani na kuogelea maji yaleyale ya matajiri. Ijumaa jioni nenda Oistins, kusini, kwenye samaki wa kuchoma. Na usiondoke bila kula cou-cou yao: ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia, unaoliwa na samaki arukaye. Mkono wako utaitambua sima hata ukipewa uma.

2. Grace Bay, Turks na Caicos. Kwa mchanga na rangi ya maji, hakuna wa kuishinda. Visiwa hivi ni vya chokaa, tambarare, havina mito ya kumwaga tope baharini, na mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi mbali na ufukwe. Ramani itakuambia kuwa ni Atlantiki, si Karibi, lakini macho hayatalalamika. Grace Bay Club iko papo hapo, Amanyara imejitenga kaskazini magharibi kwa wanaotaka kimya na wenye uwezo wa kukilipia. Kasoro ni kwamba chakula karibu chote huagizwa kutoka nje, kwa hiyo kila mlo unauma, na nje ya ufukwe hakuna mengi ya kutazama.

3. Anguilla. Mchanga wake karibu sawa na wa Grace Bay, na watu ni wachache zaidi. Cap Juluca, kwenye ghuba ya Maundays, na Malliouhana, Meads Bay, ndizo za kuanza nazo. Unafika kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Miami au kwa safari fupi ya boti kutoka kisiwa jirani cha Saint Martin.

4. Saint Lucia. Hapa unanunua milima. Jade Mountain ina vyumba visivyo na ukuta wa nne, unalala ukizitazama Piton mbili, vilele vilivyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004. Televisheni hakuna. Kwa fungate ni pazuri kupindukia, kwa mzee mwenye magoti mabovu hapana. Mchanga asilia wa upande huo ni wa kijivu cha volkano. Ule mweupe wa Sugar Beach uliletwa.

5. Jamaika. Round Hill na Half Moon ni hoteli za miaka ya 1950 zenye heshima yake, Jamaica Inn ya Ocho Rios vilevile. Kimbunga Melissa kilipiga magharibi ya kisiwa tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa daraja la tano, kwa hiyo ulizia nini kimefunguliwa kikamilifu na nini bado ni ujenzi.

6. Punta Cana, Jamhuri ya Dominika. Nafuu kuliko zote hapo juu, na Tortuga Bay ni ya kifahari kweli. Iko mashariki, kwa hiyo yale ya mwani yanaihusu moja kwa moja.

Kisiwa cha Saint-Barthélemy sijakipanga. Ni pazuri, lakini bei zake zimepangiwa wenye mashua zao.

Viza ipange kabla ya kulipa. Wenye pasi za Kenya na Tanzania huingia Barbados na Jamaika kwa matembezi bila viza, lakini ndege ikipitia Marekani utadaiwa viza hata kama unabadilisha ndege tu, na London nako kuna viza ya kupita. Bima nayo ikate siku unayolipa chumba. Kimbunga kikishapewa jina, kampuni za bima hazikifidii tena kwa anayekata siku hiyo.