Kuzungumzia ubaguzi wa rangi: mkutano wa hadhara au vikundi vidogo?

Mkutano wa hadhara ni mwepesi kuandaa: ukumbi, kipaza sauti, jioni moja. Unafaa pale viongozi wanapotakiwa kujibu mbele ya watu. Ila wakija watu 100 kwa saa mbili, hata kila msemaji akipewa dakika mbili tu, 40 wataondoka bila kufungua kinywa. Na aliyebaguliwa kazini hatasimulia mbele ya umati ambamo bosi wake huenda yumo.

Vikundi vidogo vinadai kazi zaidi, lakini kwa suala hili ndivyo tunavyovipendekeza. Weka watu 8 hadi 12, waongozaji wawili wa asili tofauti, vikao vinne au vitano vya saa mbili, kimoja kila wiki. Kikao cha kwanza ni cha kanuni na yale watu waliyopitia. Vya kati vichimbue chanzo, kuanzia shule hadi ajira na makazi. Cha mwisho kipange nani afanye nini, lini.

Vinaharibika wapi? Kwanza, mtu mmoja wa jamii inayobaguliwa akiwekwa peke yake, anageuzwa mwalimu wa wote, na kikao cha pili haji. Wawe angalau watatu. Pili, mapendekezo hukosa mpokeaji. Kabla ya kualika mtu yeyote, pata diwani au ofisa atakayeahidi kwa maandishi tarehe ya kujibu. Hapo ndipo mkutano wa hadhara unapofaa: vikundi viwasilishe mapendekezo yao, naye ajibu papo hapo.